Je, wajua? Kwa nini jangwani Australia kuna bwawa la maji moto lisilokauka

Witjira ni hifadhi ya taifa iliyo ukingoni mwa Jangwa la Simpson, Australia Kusini. Mvua ya mwaka mzima huko haifiki milimita 200. Ni vumbi, mawe mekundu na nzi. Halafu, baada ya safari ndefu, unakuta miti imezingira bwawa la maji ya nyuzi 37 au 38, joto lile lile la mwili wako. Hizo ndizo chemchemi za Dalhousie.

Maji hayo si ya mvua ya pale. Chini ya ardhi imetandaa hazina ya maji iitwayo Great Artesian Basin, yenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.7 hivi, zaidi ya moja ya tano ya Australia. Usidhani ni ziwa lililojificha. Ni mwamba wa mchanga wenye vitundu vidogo mno, unaofyonza maji kama sifongo. Mvua huingia pembezoni, hasa kwenye miinuko ya mashariki ambako mwamba huo umejitokeza juu, kisha maji hupenya chini ya tabaka nene lisilopitisha hata tone. Humo husogea mita 1 hadi 5 kwa mwaka (konokono ni mwanariadha!), na mengine yameshakaa zaidi ya miaka milioni moja.

Mbona yanapanda? Chukua mpira wa bustani uliojaa maji, ziba mdomo wake, kisha uutoboe: maji yanaruka yenyewe. Dalhousie ardhi ilijikunja na kupasuka, na nyufa hizo ndizo tundu la mpira. Joto nalo si la volkano. Mwamba huzidi kuwa moto kadiri unavyoshuka.

Wenyeji wa asili huliita bwawa kubwa Irrwanyere, maji yanayoponya. Mle mna samaki wasiopatikana popote pengine duniani, kwa hiyo sabuni iache kambini. Nenda na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tena wakati wa baridi: kiangazi, kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, Jangwa la Simpson hufungwa kwa sababu ya joto kali. Alfajiri ya Julai mvuke hutanda juu ya maji. Ingia hadi shingoni, tulia kidogo, na samaki wadogo wataanza kukudonoa vidole vya miguu.