Ukiumwa na mbwa, osha jeraha, wahi kituoni, na mbwa mwacheni hai

Kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisi za mifugo huandaa kampeni ya chanjo. Miezi yote, hata hivyo, simu za watu waliong'atwa hazikatiki. Huwa nauliza kwanza mbwa yuko wapi. Jibu ninalolisikia mara nyingi mno ni "tumeshamuua, daktari." Wananchi wanadhani wamefanya la maana, kumbe wamepoteza kielelezo ambacho kingemsaidia daktari kujua mgonjwa wake yuko katika hatari gani.

Tuanze na mtu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu, tazameni saa. Kisha pakeni iodini au spiriti na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Pilipili, unga wa betri, mafuta ya taa na majani yaliyotafunwa havina nafasi hapa, vinazidi kuichubua nyama tu.

Naomba pia tuache kusema "ni mchubuko tu". Mchubuko usiotoa damu nao unahitaji chanjo. Damu ikitoka, au mate yakiingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, huongezwa kingamwili zinazodungwa ndani ya jeraha na kulizunguka. Mjamzito anachanjwa, mtoto mchanga anachanjwa. Zile sindano za kitovuni wanazosimuliana watu ziliachwa zamani, siku hizi huchomwa mkononi, au pajani kwa watoto wadogo. Ratiba huanza siku ya 0, yaani siku ya sindano ya kwanza, kisha ya 3 na ya 7, na ipo inayoendelea hadi siku ya 14 au 28. Kinachoniumiza ni mtu kuchoma mbili, akaona kidonda kimefunga, akaacha. Virusi husafiri kwa mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumponya. Najua chanjo haipatikani kila zahanati na gharama yake ni mzigo kwa kaya nyingi. Mmoja aulizie kwa simu hospitali ya wilaya huku mwenzake akiosha jeraha.

Sasa mbwa. Akikamatika bila kumhatarisha mtu, afungwe peke yake, apewe maji na chakula, na afisa mifugo wa kata aarifiwe. Ataangaliwa siku 10, kwa sababu mbwa au paka ambaye mate yake tayari yana virusi huugua na kufa ndani ya muda huo. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Nasisitiza, sindano ya kwanza haisubiri siku hizo kwisha. Na kipimo hiki cha siku 10 ni cha mbwa na paka, si cha fisi wala mbweha. Mbwa akifa, msimzike wala kumchoma moto. Mtaalamu hukata kichwa, hukifungasha kwenye barafu na kukipeleka maabara, maana kinachopimwa ni ubongo. Aliyempasua kichwa kwa rungu ameuharibu.

"Hana kichaa huyo, si anakunywa maji." Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuyafuata maji vizuri tu. Wengine hawawi wakali kabisa, hujificha, taya hulegea, udenda hutiririka, mtu akadhani ana mfupa kooni na kuingiza mkono kinywani kuutoa. Msifanye hivyo kamwe.

Kwa wenye mbwa: hapa Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa aina hii amtenge na atoe taarifa. Kumhamishia kwa shemeji kijiji cha pili ni kujitafutia kesi. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa asiyechukua tahadhari juu ya mnyama wake anayeweza kudhuru watu, na aliyeng'atwa anaweza kudai fidia. PF3, yaani fomu ya polisi kwa aliyejeruhiwa, itasaidia katika shauri hilo, lakini sindano itangulie.

Pemba walitokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016, wakaumaliza tena mwaka 2018 kwa chanjo ileile. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote, wakiwemo wanaozurura na watoto wao. Timu ikifika mtaani kwenu, mbwa aletwe na mtu mzima mwenye kamba imara, asitumwe mtoto asiyemmudu. Kadi ya chanjo itunzwe, maana mbwa akimng'ata mtu tutaiulizia, ingawa haimwondolei aliyeng'atwa safari ya kituo cha afya.