Jeshi la anga la majini: maana yake, na kwa nini manowari hubeba ndege

Jeshi la anga la majini ni ule mkono wa jeshi la majini unaotumia ndege, helikopta na, siku hizi, droni. Kazi zake ni kutafuta adui baharini, kuelekeza mizinga ya meli, kuwinda nyambizi, kushambulia manowari nyingine na kuwashusha askari nchi kavu. Ndege zake huruka kutoka kwenye sitaha ya meli, kutoka juu ya maji yenyewe, au kutoka kiwanja kilicho pwani. Popote zinapoanzia, ziko chini ya amri ya wanamaji na zinafanya kazi ya bahari.

Wengi wakisikia habari hii hufikiria zile meli kubwa za Marekani zenye sitaha pana kama uwanja. Mimi naona ni heri kuanzia Rufiji, kwa sababu pale sababu ya kwanza ya kuwa na ndege hizi inaonekana wazi kabisa.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Delta ile ina mikono mingi ya mto, mikoko mirefu na maji yanayojaa na kupwa. Manowari kubwa za Waingereza zilikuja zikaziba mlango wa bahari, lakini kuingia hazikuweza, kwani kina kilikuwa kidogo. Zikikaa nje, wapigaji mizinga hawakuona chochote ila msitu wa mikoko.

Novemba mwaka huohuo ikaletwa kutoka Durban ndege moja aina ya Curtiss, ya kuelea majini, pamoja na rubani wake wa kiraia, Denis Cutler. Aliruka juu ya delta na kuiona Königsberg mahali ilipojificha. Desemba injini ilimsumbua, akashuka mtoni na kutekwa. Ndege zilizofuata ziliteswa na joto na unyevu wa pwani: zilikuwa za mbao na kitambaa, na injini zake zilihangaika hata kuzinyanyua kutoka majini.

Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakatengeneza kiwanja cha ndege huko. Kisha zikavutwa kutoka Malta meli mbili za mizinga zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya Brazil. Julai 6 ziliingia mtoni huku ndege zikizunguka juu na kutuma kwa redio mahali makombora yalipokuwa yakiangukia. Siku hiyo hawakufanikiwa, na Mersey ilipigwa. Wakarudi Julai 11. Juu angani walikuwa rubani John Cull na mwenzake H. J. Arnold. Ndege yao ilipigwa, ikaanza kushuka, na Arnold akaendelea kutuma marekebisho ya shabaha mpaka karibu wanaanguka. Walitua mtoni karibu na Mersey wakaokolewa wote wawili. Siku hiyohiyo Königsberg iliwaka moto na mabaharia wake wakaiharibu wenyewe. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa na kuendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo.

Kisa hiki kinastahili nafasi kubwa zaidi katika historia tunayofundishwa, maana kinaeleza dhana yote. Ndege zile hazikuhitaji kuizamisha meli kwa mabomu. Ziliwapa wapigaji mizinga macho. Mtu aliye juu ya mlingoti wa mita 20 huona uso wa bahari kwa kilomita 16 hivi tu, kwa sababu dunia imepinda. Aliye kwenye ndege mita 3,000 juu anaweza kuona karibu kilomita 195 kukiwa na hewa safi. Kamanda mwenye ndege anajua mambo ambayo mwenzake atayajua akiwa amekwisha chelewa.

Shida ilikuwa kuifanya ndege itue melini. Kuruka kutoka melini kuliwezekana mapema: Novemba 14, 1910, Mmarekani Eugene Ely aliruka kutoka jukwaa la mbao lililojengwa juu ya manowari Birmingham, huko Virginia. Januari 18, 1911 akatua juu ya manowari Pennsylvania, huko San Francisco, akisimamishwa na kamba zilizofungwa mifuko ya mchanga na kunaswa na kulabu za ndege. Lakini meli hizo zilikuwa zimetulia. Wa kwanza kutua kwenye meli inayokwenda alikuwa Mwingereza Edwin Dunning, juu ya Furious, Agosti 2, 1917. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikatumbukia baharini, akafa. Mwaka 1918 Waingereza wakaikamilisha Argus, meli yenye sitaha tupu kuanzia omo hadi tezi, yaani kutoka mbele mpaka nyuma, na umbo la manowari za kubeba ndege likapatikana.

Kutoka kuwa macho, ndege ikageuka silaha kuu ya bahari ndani ya miaka michache. Usiku wa Novemba 11, 1940, ndege 21 za Waingereza aina ya Swordfish, zenye mabawa mawili mawili na mwendo wa polepole, ziliruka kutoka meli ya kubeba ndege Illustrious na kuzipiga manowari tatu kubwa za Italia bandarini Taranto. Desemba 7, 1941 Japani ikafanya hivyo kwa ukubwa zaidi Pearl Harbor, ikitumia meli sita za kubeba ndege. Mei 1942, katika vita vya Bahari ya Coral, pande mbili, ya Marekani na ya Japani, zilipigana bila meli zao kuonana hata mara moja. Mwezi uliofuata, Midway, Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege. Aprili 1945 Yamato, manowari yenye mizinga mikubwa kuliko zote, ilizamishwa na ndege.

Kazi ya sitahani ni ngumu kuliko picha zinavyoonyesha. Kabla ya kurusha ndege, meli huelekeza omo kwenye upepo na kuongeza mwendo, ili upepo usaidie mabawa. Kwenye meli zenye manati, chombo kinachosukumwa kwa mvuke, au kwa umeme kwenye meli mpya zaidi, huivuta ndege na kuifikisha kwenye mwendo wa kuruka ndani ya sekunde mbili au tatu. Kutua kunategemea kulabu iliyo chini ya mkia na nyaya nene zilizokingama sitaha. Magurudumu yakishagusa tu, rubani huongeza nguvu ya injini hadi mwisho badala ya kuipunguza: kulabu ikikosa nyaya zote, awe na mwendo wa kupaa tena. Ndiyo sababu njia ya kutua huwa mshazari, ikielekea ubavu wa kushoto, ili anayekosa asizivamie ndege zilizoegeshwa mbele. Mshazari huo na manati ya mvuke ni ubunifu wa Waingereza wa miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Meli ya aina hii pia hubeba watu, na hilo Dar es Salaam inalijua. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles walipoasi, Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Uingereza. Meli ya kubeba ndege Centaur ikatoka Aden na makomando pamoja na helikopta. Alfajiri ya Januari 25 helikopta ziliwashusha makomando kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Hawakuhitaji gati wala kiwanja cha ndege.

Kwa sasa tofauti inayofaa kujulikana ni ile ya manati na sitaha iliyopindwa juu mbele. Sitaha iliyopindwa ni rahisi kujenga, na Uingereza na India zinaitumia, lakini ndege nzito haziwezi kuruka kutoka hapo zikiwa na mzigo kamili. Ndege ya rada kama Hawkeye, inayoona mbali kwa niaba ya kundi zima la meli, inahitaji manati. Ufaransa inayo kwenye meli yake Charles de Gaulle, Marekani inayo kwenye meli zake zote kubwa za kubeba ndege, na meli ya Fujian ya China, iliyoshushwa majini mwaka 2022, ina manati ya umeme. Uturuki imeshika njia nyingine: kwenye meli yake Anadolu, yenye sitaha iliyopindwa, droni aina ya TB3 iliruka na kutua Novemba 2024. Droni haihitaji kitanda, chakula wala chumba cha rubani, na kwa nchi isiyo na fedha za meli ya tani 100,000, hesabu hiyo ni nzito.