Diskinesia ya mdomo: kutafuna pasipo chakula

Mgonjwa kalala, macho wazi, haitiki jina lake. Mdomo ndio hautulii: anatafuna na hakuna kitu mdomoni, anajilamba, anatoa ulimi, pengine anajing'ata hadi damu. Vidole navyo vinapapasa hewani kama vya mtu anayevuta tasbihi. Hiyo ndiyo diskinesia, yaani viungo kwenda vyenyewe bila mwenyewe kutaka. Akiwa ni msichana aliyeanza kwa kupayuka na kukosa usingizi siku chache nyuma, daktari afikirie ugonjwa mmoja adimu: ensefalitisi (ubongo kuvimba) ya kingamwili, protini za kinga, dhidi ya vipokezi vya NMDA, yaani milango ya seli za ubongo inayopokea ujumbe. Kwa watoto, miondoko hiyo yaweza hata kutangulia kupayuka.

Daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, waliueleza mwaka 2007. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazonasa vipokezi vya NMDA juu ya seli za ubongo, seli zikavimeza, ujumbe ukakosa pa kutua. Waliozoea chumba cha upasuaji wanaijua ketamini, dawa ya usingizi: nayo hufunga vipokezi hivyo hivyo, ndiyo maana aliyechomwa hulala macho wazi, hayupo. Ila ketamini huisha mwilini. Kingamwili huendelea kutengenezwa kwa wiki na miezi.

Kwa baadhi ya wanawake chanzo ni teratoma, uvimbe wa ovari unaoweza kuwa na nywele, meno, hata chembe za neva. Kinga ikizivamia hizo, inauvamia na ubongo. Kwa hiyo picha ya nyonga hupigwa hata kama kinachoumwa ni kichwa.

Kinachochanganya ni kwamba wagonjwa hawa hupata kifafa pia. Kipimo cha umeme wa ubongo ndicho hutenganisha. Kama kutafuna si kifafa, kuongeza dawa za kifafa kutamlaza tu. Na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zaweza kumkaza viungo zaidi. Kingamwili zenyewe hutafutwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Tiba ni kuondoa uvimbe kama upo, na kuituliza kinga kwa steroidi, imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya watu wengine) au kusafisha plazma (maji ya damu), ikishindikana, dawa ya rituksimabu.

Wengi hupona, lakini polepole, na mara nyingi kinyumenyume: mdomo hutulia, kisha anaanza kuitika, na kumbukumbu huja nyuma kabisa.