Manowari ikichelewa na kupanda bei, msikimbilie kumlaumu welda

Kila meli ya kivita ikikwama lawama ni zilezile: mafundi wabovu, vyuma vimechakachuliwa, kampuni wezi. Inaniuma, maana watu wa yadi wanabebeshwa mzigo ambao mara nyingi umetoka ofisini, kwa hiyo tuziangalie hizi dhana moja moja.

Dhana: ukichukua dizaini ambayo tayari inaelea kwingine, umekwepa matatizo.

Hii ndiyo iliyowaponza Wamarekani. Aprili 2020 waliwapa Fincantieri, wajenzi wa meli wa Italia, kandarasi ya dola milioni 795 ya frigeti (meli ya kivita ya ukubwa wa kati) ya kwanza ya aina ya Constellation, na kivutio kikubwa kilikuwa kwamba inatokana na FREMM, meli ambayo Italia na Ufaransa walikuwa wanaitumia kitambo. Michoro ilitakiwa ifanane kwa asilimia 85 hivi. Basi jeshi la majini likaanza, weka viwango vyetu vya kuhimili mashambulizi, weka mitambo yetu, refusha bodi, yaani mwili wa meli, kama mita 7, hiki kitoke hiki kiingie, mpaka kufanana kukashuka chini ya asilimia 15. Yaani wamechora meli mpya kabisa huku bei na tarehe walishazitangaza kwa hesabu za ile ya zamani!

Dhana: mkianza kukata chuma mapema, mtamaliza mapema.

Agosti 2022 ujenzi ukaanza na michoro haijakamilika. Sasa ndani ya meli hakuna nafasi ya bure, bomba moja likihama linasukuma nyaya, nyaya zinataka tundu jipya kwenye ukuta, ukuta unaongezewa chuma, chuma kinaongeza uzito, na mchoro wa chumba cha jirani nao unarudi mezani. Kufikia 2024 wakaguzi wa bunge la Marekani walisema uzito umezidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, na meli iliyotegemewa 2026 imesogezwa hadi 2029. Novemba 2025 wakafuta nne ambazo hazijaanza kujengwa, zikabaki mbili tu.

Dhana: mkataba ni wa bei isiyobadilika, hasara ni ya mjenzi.

Bei inashika pale tu mnunuzi anapobaki na kile alichosaini. Muulize yeyote aliyejenga nyumba, zege limeshamwagwa ndio unamwambia fundi ahamishe choo, hapo mnaanza mazungumzo mapya na yeye ndiye mwenye nguvu. Mnunuzi akichelewa kupitisha michoro pia, mjenzi ana haki ya kudai.

Dhana: meli ikizima baharini, mabaharia hawajui kazi.

Waingereza wana manowari 6 za Type 45, na kwenye joto la Ghuba ya Uajemi zilikuwa zinakatika umeme wote. Turbini zake, yaani injini za gesi, zina kifaa cha kupoza hewa ili kuokoa mafuta, kifaa hicho kikielemewa turbini inapoteza nguvu, halafu jenereta mbili za dizeli zilizobaki haziwezi kubeba mzigo, meli nzima giza. Mwaka 2016 watengenezaji waliwaambia wabunge kwamba mazingira ya Ghuba ni makali kuliko yaliyoandikwa kwenye masharti ya oda. Meli ya kivita ya Uingereza, na Ghuba haikupewa uzito! Dawa yake ni kutoboa bodi, kutoa dizeli 2 na kuingiza 3 kubwa zaidi, na HMS Dauntless iliyotangulia ilirudi majini 2022.

Dhana: kosa la hesabu ni dogo, litarekebishwa tu.

Hispania waligundua 2013 kwamba nyambizi yao ya S-80 imezidi uzito kwa tani kati ya 75 na 100, maana yake ingeweza kuzama chini na isiweze kuibuka. Ikabidi wawaite Wamarekani wa Electric Boat, kampuni inayojenga nyambizi, nyambizi ikarefushwa karibu mita 10 kufika kama mita 81, halafu gati za Cartagena, kituo chake cha majini, nazo zikaonekana ni fupi. Ya kwanza, Isaac Peral, ilikabidhiwa Novemba 2023, miaka 10 baada ya kosa kujulikana.