Harmonika na pumzi yako: maswali na majibu kuhusu kuisafisha na kuitengeneza nyumbani

Kwa nini usafi wa harmonika uwe suala la afya?

Kwa sababu harmonika, kinanda kidogo cha mdomoni, hupulizwa na pia huvutwa. Ile ya kawaida ya matundu 10 ina vilimi 20, yaani vipande vyembamba vya shaba vinavyotetemeka: 10 hulia ukipuliza, 10 hulia ukivuta. Kila noti ya kuvuta hupitisha hewa juu ya mate yaliyoganda, mabaki ya chakula na chochote kilichoota humo, kisha hewa hiyo hiyo huingia kifuani.

Je, ala ya kupuliza inaweza kweli kudhuru mapafu?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Thorax lilieleza habari za mpiga zumari la mfuko (bagpipe, ala inayopulizwa kupitia mfuko wa hewa) aliyetibiwa Manchester, Uingereza. Alikuwa na kikohozi kikavu na kukosa pumzi kwa miaka 7. Alipokaa Australia miezi 3, ala ameiacha nyumbani, alipata nafuu kubwa. Baadaye alifariki, na ndani ya ala yake zilikutwa aina kadhaa za kuvu. Mapafu huvimba pale kinga ya mwili inapopambana na kuvu linalovutwa siku baada ya siku. Harmonika ni ndogo na hukauka upesi kuliko mfuko, lakini ukiifungia kwenye kasha ikiwa na unyevu unaipa kuvu mazingira yale yale.

Nifanye nini kila ninapoipiga?

Kabla ya kupiga, sukutua kwa maji matupu. Sukari ya kinywaji hugeuka gundi juu ya vilimi. Ukimaliza, elekeza matundu chini na uigonge kiganjani mara 10 hivi, utayasikia matone yakidondoka. Pangusa mdomo wa ala kwa kitambaa kikavu, uiache nje ya kasha angalau nusu saa. Tabia hii ina faida kuliko dawa yoyote ya kuulia vijidudu.

Usafi wa ndani unafanywaje?

Kwanza jua umbile lake. Kuna vifuniko viwili vya nje, mabamba mawili ya shaba yanayobeba vilimi, na katikati kiunzi chenye meno kama chanuo. Fungua skrubu kwa bisibisi inayoenea barabara, uzipange mezani kwa mpangilio ulizotoka.

Vifuniko, na kiunzi kama ni cha plastiki, viloweke dakika 10 katika maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kisha visugue kwa mswaki laini. Kiunzi cha mbao usikiloweke kamwe: huvimba, meno yakatokeza na kukuchubua midomo. Kipanguse tu kwa kitambaa kilichokamuliwa sana.

Mabamba yenye ukoko au kutu ya kijani yaloweke dakika 10 hadi 15 katika siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, kisha yasuuze vizuri, maana siki ikibaki huendelea kula shaba. Ukipiga mswaki, anzia kwenye ribiti inayoshika kilimi uelekee kwenye ncha. Ukienda kinyume au kukatisha, nywele za mswaki hunasa chini ya kilimi na kukipinda. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kufunga.

Usitumie klorini, hula shaba. Wala usichemshe, plastiki hupinda. Harmonika ya kromatiki, ile yenye kitufe, ina vikaratasi laini vya kuzuia hewa vilivyogundishwa kwenye mabamba, upande wa pili wa vilimi, hivyo usiloweke mabamba yake.

Noti moja haitoki. Imekufa?

Mara nyingi ni uzi au unywele ulionasa. Elekeza bamba kwenye mwanga: pembeni mwa kilimi uone mstari mwembamba wa mwanga kila upande. Palipo na giza, pitisha ukingo wa karatasi ngumu nyembamba taratibu.

Kama ni safi na bado haitoki, tazama ncha. Inatakiwa kukaa juu ya bamba kwa nafasi inayokaribiana na unene wa kilimi chenyewe, noti nene zikiwa na zaidi kidogo. Ikilala mno hukwama. Ikiinuka mno hula pumzi. Irekebishe kwa kijiti cha meno, kidogo kidogo.

Noti iliyoshuka ghafla huashiria ufa karibu na ribiti. Hapo badilisha bamba. Ukisaga ncha kwa tupa noti hupanda, lakini vaa barakoa na uoshe bamba baadaye, kwa kuwa baadhi ya shaba huchanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Tunaweza kupokezana harmonika moja?

Ni bora kila mtu awe na yake. Mafua na virusi vya vidonda vya homa midomoni huhama kwa mate. Spiriti ya asilimia 70 husafisha vifuniko na mdomo wa ala ikiachwa ikauke yenyewe, lakini kupangusa nje hakugusi mate yaliyo ndani.

Midomo inawasha kila nikipiga.

Huenda ngozi yako haipatani na nikeli iliyopakwa kwenye vifuniko, hasa ikianza kubanduka. Chagua vifuniko vya chuma kisichoshika kutu.

Nimwone daktari lini?

Kikohozi kikizidi wiki 2, au ukianza kukosa pumzi kwa shughuli ulizozizoea. Mwambie waziwazi kwamba unapiga ala ya kupuliza, ni mara ngapi kwa wiki, na kama dalili hupungua ukipumzika siku kadhaa. Hadi upimwe, usiipige.