Leseni ya kupangisha nyumba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu. Nimpangishe nani na kwa namna gani ni shauri langu." Kauli hii ndiyo mzizi wa dhana potofu karibu zote kuhusu leseni za kupangisha, na naielewa, kwa sababu umiliki ni haki kweli. Lakini hati ya nyumba inajibu swali moja tu: nyumba ni ya nani. Leseni, yaani kibali cha mamlaka cha kupangisha nyumba, inauliza jingine kabisa: je, mgeni akilala humo ataamka salama? Mwenye nyumba anajua swichi gani hupiga cheche na dirisha gani limekwama. Mpangaji hajui, na mara nyingi haruhusiwi hata kulirekebisha.

"Leseni ni ya wenye maghorofa, mimi nina kanyumba kamoja tu"

Ilikuwa hivyo Baltimore, Marekani, kwa miaka mingi. Tangu 2019 jiji hilo linataka leseni hata kwa nyumba moja ya familia moja ikishapangishwa, na haitolewi mpaka nyumba ipite ukaguzi. Nchini Uingereza nako, leseni ya lazima kwa nyumba za kuchangia ilihusu majengo ya ghorofa tatu na kuendelea. Sharti hilo la urefu liliondolewa tarehe 1 Oktoba 2018. Sasa kinachohesabiwa ni watu: wakifika watano, kutoka kaya mbili au zaidi, wakitumia jiko, bafu au choo kimoja, leseni ni lazima hata kama nyumba ni ya chini. Halmashauri pia zinaweza kwenda mbali zaidi. Newham, mashariki mwa London, ilianza 2013 kudai leseni kwa karibu kila nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi katika eneo lake lote.

Siku hiyohiyo ya Oktoba 2018 kilianza pia kipimo cha chumba cha kulala katika nyumba hizo za leseni: mtu mzima mmoja asipewe chini ya mita za mraba 6.51, na wawili chini ya 10.22. Chukua futi kamba upime chumba cha mita 2 kwa 3. Kitanda kinaingia, kabati la nguo linaingia, mlango unafunguka. Jumla ni mita 6, hakitoshi. Na kama dari inashuka upande mmoja, sehemu iliyo chini ya mita 1.5 haihesabiwi kabisa. Wapo wanaoona huo ni ukali usio na maana. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu mtu hakodi godoro, anakodi mahali pa kuishi.

"Bila leseni, kibaya zaidi ni faini"

Hapa ndipo wenye nyumba wanapoumia zaidi, kwa sababu faini si mwisho wa mambo. Kule Philadelphia, Marekani, mwenye nyumba asiye na leseni hana haki ya kudai kodi ya pango kwa kipindi alichokaa bila leseni, wala ya kudai nyumba yake irudi mikononi mwake kwa kipindi hicho. Fikiria mtu anayekwenda mahakamani akiwa na daftari lake la madeni, miezi mitano haijalipwa, kila risiti mahali pake. Anaulizwa leseni. Hana. Daftari lile lote halimsaidii.

Uingereza imechukua njia nyingine. Baraza linalosikiliza kesi za makazi linaweza kumwamuru mwenye nyumba arudishe kodi ya pango aliyokwisha kupokea. Sheria ya 2016 iliweka kiwango cha hadi miezi 12, na sheria ya 2025 ikakiongeza hadi miezi 24.

Lakini mpangaji naye asikimbilie kufurahi. Kuna imani iliyoenea kwamba nyumba ikiwa haina leseni mkataba umekufa, na unaweza kuacha kulipa kuanzia kesho. Kwa Uingereza hiyo si kweli. Sheria ya makazi ya 2004 inasema waziwazi kwamba kukosekana kwa leseni hakufuti wajibu wa kulipa pango. Anayeacha kulipa kwa uamuzi wake anajipalia makaa. Njia ni kupeleka maombi barazani, na kabla ya hapo kutunza kila ushahidi wa malipo. Philadelphia na London zina majibu tofauti kwa swali hilohilo, kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki aliye mji mwingine.

"Mbona nalipa kodi ya mapato?" Vizuri, endelea kulipa. Mamlaka ya mapato haikagui ngazi wala nyaya, na risiti yake haigeuki leseni.

"Nimenunua nyumba ikiwa na leseni tayari." Uingereza leseni haihamishiki kwa mtu mwingine. Mnunuzi anaomba yake. Na ukiwa na wakala, bado una wajibu wako: kule Wales, mwenye nyumba anayemwachia wakala kazi yote lazima bado ajiandikishe mwenyewe, na wakala awe na leseni.

"Ina leseni, basi ni salama"

Natamani ingekuwa hivyo. Philadelphia hukagua hasa baada ya malalamiko kupokewa. Seattle, jiji jingine la Marekani, hukagua nyumba zilizoandikishwa angalau mara moja katika kila miaka 5 hadi 10, na ndani ya muda huo mengi huharibika. Hata palipokaguliwa mwaka jana, kifaa cha kutambua moshi ni kile kinachoning'inia darini leo. Bonyeza kitufe chake siku ya kwanza unapooneshwa nyumba. Kikikaa kimya, fungua kifuniko. Mara nyingi utakuta nafasi ya betri iko wazi, kwa sababu aliyekutangulia alichoka na mlio wake kila alipokaanga kitu. Kisha nenda kwenye dirisha la chumba cha kulala ulifungue mpaka mwisho. Likiwa limepigwa rangi likagandana na fremu, usiku wa moto halitakusaidia.

Na si kweli kwamba mpangaji hana njia ya kujua. Halmashauri za Uingereza zinalazimika kutunza rejista ya leseni iliyo wazi kwa umma, na leseni ya nyumba ya kuchangia hutaja idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kuishi humo. Jina, anwani na simu ya msimamizi navyo vinatakiwa kubandikwa ndani ya nyumba, mahali panapoonekana na wote. Ukikuta ukuta mtupu, ulizia kabla hujatoa amana.