Magoti ya uzeeni: bamia, diklofenaki na mengine tunayoambiana Tanga

Dhana: Maji ya goti yamekauka, kunywa bamia.

Hii ndiyo inayovuma kuliko zote, kuanzia mabaraza ya Ngamiani hadi foleni ya hospitali ya Bombo. Bamia zinakatwa, zinalowekwa usiku kucha, asubuhi mzee anakunywa ule mlenda akiamini utateremka hadi gotini. Asiyependa mlenda anahamia supu ya makongoro.

Lakini ute wa bamia ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine chochote. Ute wa goti hutengenezwa na utando laini ulio ndani ya kiungo chenyewe. Tena kwa wengi ambao gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, imelika kwa umri, ute haupungui, unazidi, ndiyo maana goti linavimba. Bamia kuleni, ni mboga nzuri. Makongoro ya kila siku yana mafuta mengi, na uzito ndio unaolielemea goti: kila kilo moja unayopunguza mwilini inalipunguzia mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Dhana: Goti linalouma lipumzishwe.

"Bibi, kaa tu, tutakuletea." Hapo, nionavyo mimi, heshima yetu inamuumiza bibi. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwenye ule ute, nao huingia vizuri pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani kinapotembea. Misuli ya mbele ya paja nayo, isipofanyishwa kazi, husinyaa, na mzigo wote unaliangukia goti.

Basi akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu mpaka ulale sawa, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu. Zoezi hilo likizoeleka, ajaribu kuinuka kitini bila kushika kitu, mtu akiwa karibu. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si dalili kwamba goti linaharibika. Maumivu yakiwa yametulia kesho yake, aendelee, yakizidi, apunguze. Nafuu huja baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, na wengi huacha katika wiki ya pili.

Sisi wa Tanga tuna baiskeli na mji tambarare, kwa hiyo visingizio ni vichache. Kiti tu kipandishwe: pedali ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjika kidogo. Kazi ya kuachiwa mjukuu ni kukuna nazi, maana kukaa kwenye mbuzi kunalikunja goti hadi mwisho. Na siku goti likikataa kabisa, kusali kwenye kiti kunaruhusiwa.

Dhana: Eksirei imeonyesha mifupa inasagana, kilichobaki ni kisu.

Picha na maumivu haviendi sambamba: wapo wenye picha mbaya wanaotembea hadi Raskazone na kurudi. Katika utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 180 waligawanywa: wengine wakasafishwa goti kwa upasuaji wa kamera, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kuambiwa nani kafanyiwa nini. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa sawa. Kuwekewa goti bandia ni upasuaji mwingine, una nafasi yake haya yote yakishindwa.

Dhana: Vidonge vya dukani havina neno.

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikimezwa kila siku huweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na wazee wengi tayari wana presha au sukari. Ya kupaka gotini ni salama zaidi, ianze hiyo. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwa mara kwa mara huweza kuila gegedu yenyewe. Goti likiwa jekundu na la moto, nawe una homa, au limevimba ghafla baada ya kuanguka, usinunue kitu dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Fimbo ni ya aliyekwisha.

Fimbo hupunguza mzigo gotini, ila wengi wanaishika vibaya. Goti la kulia likiuma, ishike mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu mgonjwa. Urefu wake: ukisimama wima mikono imeshuka, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Na chini iwe na mpira, hasa kwenye vigae vya bafuni.